Mkaa Chini ya Sale

Sale hung'oka, mkaa husalia. Mmeisikia methali hii mkacheka, eti wazee wanaongea mambo ya jikoni. Haya, kaeni vizuri niwaambie ilikoanzia.

Ndeanasia alikuwa mjane mwenye kihamba kidogo huku mlimani: migomba, kahawa, na kipande cha maharage kando ya mfereji. Mpaka wake ulikuwa masale, mimea ileile mnayoiona ikigawa mashamba yetu hadi leo. Mwaka mmoja akaugua, akauguzwa kwao misimu miwili ya mvua. Aliporudi, lo, masale yamesogea hatua kumi na mbili! Kipande cha maharage kimekwenda kwa jirani yake Ndesario, ndugu wa marehemu mumewe, mtu mwenye ardhi tele na macho yasiyoshiba. Ndeanasia aliumia sana, maana maharage yale ndiyo yaliyolisha wanawe.

Wazee wa ukoo wakakutana shambani.

"Shemeji, ugonjwa umekusahaulisha," Ndesario akamwambia kwa upole. "Masale ni haya, yameshika mizizi. Mkidhani nadanganya, chimbeni."

Alijua asemalo. Sale ukilichomeka leo, mvua mbili tu limekuwa mwenyeji. Ndeanasia akatazama chini. Hakuwa na shahidi.

Basi akasogea Bibi Aikande, shangazi yake Ndesario, ana mkongojo wake. "Mwanangu amesema vyema. Chimbeni."

Wakachimba. Mizizi ipo, na udongo mtupu. Bibi akahesabu hatua kumi na mbili kurudi nyuma, upande wa Ndesario. "Na hapa."

Jembe likaibua vipande vya mkaa na vigae vya chungu.

"Baba yangu aliufukia, mimi nimeshika kapu," akasema. "Ndivyo walivyopanda mpaka. Ungekaa na wazee, Ndesario, ungelijua hilo. Mkaa hauozi."

Ndeanasia akaketi papo hapo udongoni, akalia na kucheka kwa pamoja, moyo umemtua.

Kesho yake Ndesario akaja na jani la sale mkononi, kuomba msamaha, na kwetu jani hilo halikataliwi. Ndeanasia akalipokea.

"Nimekusamehe, shemeji. Ila masale utayarudisha mwenyewe, nami nakutazama."

Akayarudisha yote, jasho linamtiririka, na mjane nyuma yake anapanda maharage. Wapita njia wakamuuliza Ndesario anafanya nini. Akajibu Ndeanasia, bila kuinua kichwa:

"Sale hung'oka, mkaa husalia."