Doa la Njano

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, palikuwa na watu watatu na kompyuta moja mpya ndani ya boksi. Daktari wa kliniki ya watoto wenye selimundu alikuwa ametangaza: atakayewaonyesha wazazi kinachotokea ndani ya damu, wakaelewa, ataichukua kompyuta hiyo, na kazi ya kutengeneza picha za kliniki itakuwa yake.

Mwalimu Shemdoe wa kemia akajenga mfano wa molekuli za hemoglobini, atomu kwa atomu, bila kubahatisha. Kibwana, fundi wa katuni, akauchezesha kwenye mashine yake: ukazunguka, ukameremeta, maji ya ndani ya seli yakarukaruka pande zote. Chausiku, mama wa watoto wanne asiye na kazi, akaitwa asome maelezo, kwa kuwa ana sauti.

Wazazi wakaonyeshwa. Bibi Mwanjaa, aliyekuwa akilea mjukuu mgonjwa, akatazama mpaka shingo ikamuuma.

"Mapambo ya harusi mazuri," akasema. "Sasa mimi nitazame wapi?"

Watu wakacheka. Chausiku hakucheka. Yeye ndiye aliyesoma maelezo, na hata yeye hakujua atazame wapi.

Wenzake walipokwenda kula, akaketi kwenye mashine ya Kibwana. Namna ya kuitumia alishaiona, kwa kumkodolea macho akibonyeza. Hakuomba ruhusa. Akayaficha maji. Akasimamisha mzunguko. Molekuli akazipaka kijivu, akabakiza mbili katikati, na juu ya moja akatia doa la njano pale maelezo yaliposema pana kasoro. Akapunguza mwendo. Hewa ikipungua, doa linaingia kwenye kishimo cha jirani, linanasa. Inakuja nyingine, inanasa. Unakuwa ufito mgumu, na seli inapinda kama mundu.

Wazazi wakaitwa tena. Bibi Mwanjaa akanyoosha kidole.

"Ni hilo la njano. Linang'ang'ania wenzake. Basi mtoto hakurogwa, na mimi nimemaliza kuku kwa waganga."

Daktari akaleta boksi. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Ni langu," akasema Mwalimu Shemdoe. "Doa lile lisingekaa mahali pake bila mimi. Mfano ukikosewa, picha safi inakuwa uongo safi. Tena mama huyu ameondoa maji. Ndani ya damu hakuna pengo namna ile."

"Ni langu," akasema Kibwana. "Mfano wako, Mwalimu, ulikuwa umelala kama kabati. Mimi ndiye niliyeuamsha. Huyu kaingia jikoni kwangu nikiwa sipo, kapunguza chumvi, sasa anajiita mpishi."

Chausiku akaweka kiganja juu ya boksi.

"Chumvi ilikuwa nyingi, kaka. Na wewe, Mwalimu, sikuyaondoa maji, niliyaficha. Mtoto akichomwa mwiba mguuni, unamvua nguo zote ndipo uutafute? Mliwaonyesha kila kitu, hawakuona kitu."

"Ungetuomba," akasema Kibwana.

"Mngekataa."

Na ni kweli wangekataa.

"Toa mkono, mama," akasema Mwalimu.

"Siutoi."

Daktari akatazama saa, akasema ana wagonjwa, akatoka.

Haya, mnaonisikiliza, semeni upesi, maana Chausiku keshajitwika boksi na mlango uko wazi: aliyeijenga ile kweli, aliyeitia uhai, au aliyeificha nusu yake ili ionekane? Je, nani alistahili?