Nani Aliyekuachisha?

"Neno moja! Umetoa neno moja tu, tena umekaa kitini," alisema Mwanahawa. "Mimi vidole vimenivimba."

"Bila neno langu ungesuka mpaka Idi na usiambulie kitu," akajibu Semeni. "Nenda kasuke tena, tuone."

"Nyamazeni wote," akasema Tausi. "Nyinyi mna pa kulala."

Msikilizaji, wasichana hawa watatu wa Muheza wanagombea nafasi moja ya kurudi shule. Wote walitoka darasani kabla ya kidato cha tatu. Semeni ana sikio la maneno. Mwanahawa ana mikono ya kusuka. Tausi ana moyo wa kusema lisilosemwa.

Yote yalianza alipofika Dokta Mhina, mama wa chuo kikuu anayechunguza maisha ya jamii. Alitaka kujua kwa nini wasichana wengi hawamalizi shule. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kwa nini uliacha shule?" Wiki nzima wachache aliowapata walimjibu, "Sijui," au, "Uvivu wangu tu." Akaandika uvivu, uvivu, uvivu, ukurasa mzima.

Semeni alikuwa akimsaidia kunakili majibu. Siku moja akaweka kalamu chini. "Samahani, Dokta. Mtoto haachi ziwa, huachishwa. Na sisi hatukuacha. Uliza: Nani aliyekuachisha shule?" Dokta akalikata swali lake, akaandika la Semeni.

Swali likawa zuri, ila milango mingi ilikuwa imefungwa. Dokta akibisha hodi, mama wa nyumba anajibu, "Binti hayupo," na binti yuko uani anasugua sufuria. Basi Mwanahawa akachukua kitana na mafuta yake, akatangulia. Nani atamfukuza msusi wa bure? Alisuka vichwa arobaini na viwili, Dokta ameketi pembeni na daftari.

Milango ikafunguka, lakini midomo haikufunguka. Wasichana waliinama tu chini ya kitana. Ndipo Tausi, aliyekuwa akishika uzi, akasema wote wasikie: "Mimi aliniachisha mjomba. Alitaka mtu wa kulea wanawe. Akanifundisha niwaambie walimu kwamba sitaki shule, nami nikasema hivyo hivyo." Aliyekuwa akisukwa akaanza kulia, kisha akataja jina la baba yake. Nyumba ya pili Tausi akasema tena, na ya tatu, na zote zilizofuata. Habari zikamfikia mjomba. Akazitupa nguo za Tausi barabarani, na tangu siku hiyo Tausi analala kwa akina Mwanahawa.

Dokta aliisoma ripoti yake mbele ya wazazi, walimu na mtendaji wa kata. Baba mmoja alitoka nje, hakurudi. Shule ikakubali kuwapokea wasichana tena. Lakini ada, sare na bweni, wafadhili wa utafiti huo walitoa kwa msichana mmoja tu, ambaye kazi yake ilifanya ukweli ujulikane.

Mmoja! Ripoti nzima inasema tulioachishwa tuko wengi, halafu nafasi ni moja. Ningependa kumjua aliyefanya hesabu hiyo.

Dokta aliwaambia waamue wenyewe. Wamegombana tangu Jumatatu. Semeni anasema bila swali, ripoti ingeandika uvivu. Mwanahawa anasema swali lisiloingia ndani ya nyumba ni karatasi tu. Tausi anasema wenzake walitoa kazi, yeye alitoa nyumba. Semeni akamjibu kwamba shule si malipo ya kufukuzwa, na hapo ndipo walipokaribia kushikana nywele.

Leo ni Ijumaa, na hawajapatana. Nawe unayesikiliza, usiniambie wagawane, maana kitanda cha bweni hakigawanyiki. Ungemchagua nani, na wale wawili ungewaambia nini usoni? Fanya haraka, gari linaunguruma nje, na Dokta Mhina amesimama mlangoni na fomu mkononi:

"Wanangu, mstari wa jina ni mmoja. Nimwandike nani?"