Tangi Lililotangulia

Ngoma inapowambwa, ngozi hufuata mkono ulioishika. Ndivyo alivyo mtu akipewa kugawa: hujikumbuka kwanza. Biasha aliijua methali hii tangu utotoni, ila hakudhani ingemgusa.

Alikuwa akisomea shahada ya uzamili katika uhandisi wa mifumo. Katika kundi lao la watatu, Musyoki alishughulika na pampu, Swabir na paneli za sola. Kazi ya Biasha ilikuwa kuchora mfumo mzima na kuviunganisha vipande vyao viwe mwili mmoja. Mradi wao wa kuhitimu ulikuwa wa maji kijijini kwa kina Biasha, upande wa Ramisi: kisima kimoja na matangi mawili, la zahanati na la mtaa wao. Walikuwa wamekubaliana wote watatu kwamba la zahanati lijae kwanza.

"Mwanangu, shingo yangu imekwisha kwa ndoo," mamake alimwambia. "Usije ukatusahau."

"Nitakusahau vipi, mama?"

Siku ya kuunganisha mitambo, Biasha akiwa peke yake kwenye kompyuta, aliugeuza mpangilio: la mtaani mbele, la zahanati nyuma. Alijipa moyo kwamba jua la Kwale halina choyo. Na kweli, walipojaribu, matangi yote mawili yalifurika. Wenzake wakamsifu mpaka akainamisha uso.

Kisha zikaja siku za mawingu mazito yasiyonyesha. Pampu ikawa inavuta kwa kukohoa kama mzee mwenye pumu, na kidogo ilichopandisha kikaishia mtaani. Zahanati, ng'ambo ya mashamba ya miwa, ikakauka kau. Kadzo, jirani yao, alipofikishwa huko akiwa na uchungu wa uzazi, muuguzi hakuwa na maji hata ya kunawa mikono. Akampeleka hospitali ya Msambweni. Mtoto alizaliwa njiani, na hakulia.

Musyoki alikuja akaukagua mfumo.

"Pampu yangu ni nzima. Sola ya Swabir ni nzima. Biasha, ni nani ameweka kwenu mbele?"

"Nilikuwa namfikiria mama."

"Na Kadzo je, yeye si mama?"

Biasha aliurudisha mpangilio ulivyotakiwa, kisha akaenda kwa Kadzo kutoa pole. Alisimama mlangoni, asiweze kuingia wala kurudi.

"Karibu ndani, dada," Kadzo akasema kwa sauti iliyokauka. "Wanasema ile mashine yenu iliharibika. Ni kudra ya Mungu, usijilaumu."

Biasha angeweza kuitikia amina, mambo yakaisha. Akapiga magoti kwenye mkeka.

"Haikuharibika, Kadzo. Ilifanya vile nilivyoiagiza. Mimi ndiye niliyeyavuta maji kwetu."

Kadzo alimtazama, kisha akageuza uso ukutani. Hakumwambia aondoke, wala hakumkaribisha tena. Hakika, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.