Saa ya Mama Mikate Ndani ya Beseni

Wahenga wangeweza kumchagua mnyama yeyote. Wangesema twiga haoni kwato zake, au tembo haoni mkia wake, na sote tungeelewa bila kuona haya. Lakini walimchagua nyani, na katika mwili mzima wa nyani wakachagua pale pale wanapopajua wao: nyani haoni kundule. Maana yake si ngumu. Aibu ya mwenzako iko mbele ya macho yako, unaiona hata gizani. Yako mwenyewe umeikalia, na huioni mpaka uonyeshwe. Anayebisha na akae kitako, asikilize habari za mwoka mikate mmoja na jirani yake wa juu.

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa nne, na kuta zake zilikuwa nyembamba hivi kwamba mpangaji mmoja akipiga chafya, wa mlango wa pili alijipangusa pua. Ghorofa ya pili aliishi mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Mikate. Alifanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate, na aliporudi asubuhi ngazi zote zilinukia mkate wa moto, hata waliokwisha kunywa chai wakajiona hawajanywa. Wenzake walipotoka kwenda kazini, yeye alivuta mapazia, akatundika juu yake magunia mawili ya unga ili jua lisipate upenyo, akaziba masikio kwa pamba, akalala usingizi wa pono.

Usingizi huo nusura umtoe kazini. Alilikosa gari la wafanyakazi mara moja, akasamehewa. Alipolikosa mara ya pili, meneja alimwita ofisini.

"Mama, donge likichelewa kuumuka tunalitupa," alisema meneja. "Wewe sitaki kukutupa, mkono wako naujua. Msimamizi wa zamu anastaafu. Nipe siku tisini bila kuchelewa hata moja, nafasi yake ni yako. Ukichelewa siku moja, basi usihangaike kunitafuta. Nitakutafuta mimi."

Mama Mikate alikuwa mjane, mwenye binti chuoni na mama mzazi mgonjwa nyumbani kwao. Nafasi ile kwake haikuwa cheo cha kujitapia. Ilikuwa ada ya mmoja na dawa za mwingine. Siku hiyo hiyo alinunua saa ya betri yenye kengele mbili kichwani, zilizosimama kama masikio ya punda. Akaitia ndani ya beseni la bati pamoja na vijiko vitano ili ikilia ilie kikwelikweli, na beseni akaliweka juu ya kabati ili alazimike kuinuka. Akaitega saa kumi jioni. Gari la wafanyakazi lilipita kituoni saa kumi na moja kamili.

Tangu siku hiyo hakuchelewa tena, na sifa zote alizimwaga kwenye ile saa.

"Kuna watu wana waume, mimi nina saa," aliwaambia wenzake huku akikanda. "Nikiiambia saa kumi, ni saa kumi. Na haiulizi chakula kiko wapi."

Jambo moja tu lilimtatiza. Alikuwa na saa nzima ya kuoga, kuvaa na kunywa chai, lakini kila siku alitoka mbio na chai ameiacha nusu. Dakika zake zilikwenda wapi? Alilishuku jiko kuwa ni zembe, akanunua jingine. Chai ikaendelea kubaki nusu.

Adui wa amani yake alikuwa fundi cherehani wa ghorofa ya tatu, aliyeishi juu ya kichwa chake kama kofia. Mlio wa cherehani lenyewe aliuzoea, na pamba zilimsaidia. Kisichozoeleka kilikuwa cha saa kumi. Kila siku, usingizi ukiwa mtamu kupita asali, fundi aliinua pasi yake nzito na kuipiga sakafuni: du, du, du. Kitanda cha Mama Mikate kilikuwa cha chuma, na kichwa chake kiliegemea nguzo ya jengo. Kishindo kilishuka kwenye nguzo, kikaingia kitandani, kikampanda uti wa mgongo. Pamba huziba masikio, haizibi mgongo. Alikurupuka, akapapasa juu ya kabati, akaizima saa yake, ambayo kwa hakika yake yeye ndiyo kwanza ilikuwa inafungua mdomo, kisha akatazama darini na kumtakia fundi mambo yasiyoandikika.

"Hata dakika moja hanipi," alilalamika. "Saa yangu inataka kuniamsha kwa heshima, yeye anaiwahi."

Asubuhi ya siku ya tisini maji yalimfika shingoni. Jioni hiyo meneja angetangaza msimamizi mpya, naye alitaka alale kama binadamu walau mara moja. Kabla ya kupanda nyumbani alipitia kijumba kilicho chini ya ngazi, ofisi ya msimamizi wa jengo, mtu aliyebeba funguo nyingi kiunoni hata alisikika kabla ya kuonekana, wakamwita Bwana Funguo. Fundi akaitwa. Alishuka na futi ya kupimia shingoni na pini mbili kifuani.

"Huyu ananiua," alisema Mama Mikate. "Kila siku ya Mungu, saa kumi, anaponda sakafu kama anachimba kisima."

"Dada, ni pasi," fundi alijibu taratibu. "Naigonga mara tatu tu, na sababu yake..."

"Sababu yako itie vifungo uivae. Mimi nalala."

"Mwache amalize," alisema Bwana Funguo.

"Nikimsikiliza nitamwonea huruma, na leo sikuja na huruma. Leo ni siku yangu ya tisini. Nikiamshwa na pasi, kesho naleta barua. Kanuni si inasema ikipatikana saini nne mpangaji anaondoka?"

Bwana Funguo alivuta mtoto wa meza, akatazama kitu ndani yake, akaufunga tena polepole. "Inasema hivyo," alisema. "Kanuni hiyo naifahamu vizuri."

Fundi alimtazama Mama Mikate kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa ambacho hakitatosha. "Una hakika, dada, hutaki nigonge tena?"

"Kama ninavyoijua hamira."

"Hata leo?"

"Leo hasa."

"Haya. Naahidi pasi yangu haitagusa sakafu."

Mama Mikate alipanda ngazi mgongo umenyooka kama aliyemeza fimbo. Aliziba masikio kwa pamba, akalala.

Aliota ndoto njema. Alikuwa amevaa koti jeupe la msimamizi, wafanyakazi wamejipanga mistari miwili, na kengele ya kiwanda inalia kumshangilia. Ililia, ikalia, ikalia. Yeye aliinama kulia na kushoto akiishukuru, akaona kengele ile inampenda mno, haichoki. Alikuwa anataka kuiambia inatosha, nimekubali, pale mkono ulipomtikisa bega.

Alifumbua macho. Juu yake alisimama Bwana Funguo. Nyuma yake alikuwa mwalimu mstaafu wa mlango wa pili, glasi ya maji mkononi, na mama kijana wa ghorofa ya kwanza amempakata mwanawe. Fundi cherehani alibaki kizingitini, akitazama ukuta kwa adabu. Midomo yote ilikuwa inacheza lakini hakuna sauti. Mama Mikate alivuta shuka hadi kidevuni, akachomoa pamba ya sikio moja.

Hapo saa ikamwingia kichwani kama mzinga wa nyuki. Kengele, bati na vijiko vitano, vyote kwa pamoja. Kwa muda wa miezi mitatu, hii ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia kama walivyoisikia wenzake.

"Yu hai," alisema mwalimu, na alionekana kusikitika kidogo, maana maji alikuwa amekwisha kuyaelekeza.

"Mmeingiaje humu?" aliuliza Mama Mikate.

"Kwa ufunguo," alisema Bwana Funguo, huku akihangaika kuizima saa. "Imelia dakika hamsini, mama. Tulijua tumekupoteza."

"Hamsini? Saa hii hulia mara moja tu nikaamka."

Walitazamana. Mama kijana akashindwa kujizuia, akacheka. "Mama Mikate, huyu mtoto hajasema mama, hajasema baba. Anasema krrrr. Kila siku inaanza saa kumi, inalia mpaka saa kumi na dakika ishirini, fundi anagonga pasi, ndipo tunapumua."

"Wewe ulidhani anakuamsha kabla ya saa," alisema mwalimu. "Anakuamsha baada ya saa kushindwa."

Mama Mikate alihisi uso unamwaka kama mdomo wa tanuri. Dakika zake ishirini, zile alizolisingizia jiko, zilikuwa zimesimama mbele yake zikimcheka. Alimgeukia fundi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nimefika kwenye 'sababu yake'," alisema fundi, bado akitazama ukuta.

"Na leo mbona hukugonga?"

"Niliahidi kutogonga sakafu. Mlango sikuuahidi. Nimeugonga mpaka vidole vimeniuma, nikamfuata mwenye funguo."

"Haya mengine yangoje," alikata mwalimu. "Mwanangu, gari lako linapita saa ngapi?"

Zilibaki dakika kumi. Waliomdhania maiti walitoka chumbani ili avae, na aliyedhaniwa maiti akavaa kama nyumba inaungua. Alipotoka, viatu vilikuwa vya jozi mbili tofauti. Mama kijana alimtupia mkoba, mwalimu akamshikia mlango, naye akashuka ngazi mbili mbili. Alipofika barabarani gari lilikuwa limeanza kuondoka kituoni. Alipiga ukelele, ukamezwa na ngurumo ya injini. Alihesabu yote aliyoyakosa: nafasi, ada, dawa, na pengine kazi yenyewe.

Ndipo mtu akampita mbio kama mshale, futi ya kupimia ikipepea shingoni. Miguu ya fundi ilikuwa imekanyaga cherehani miaka ishirini, kumbe ilikuwa inafanya mazoezi. Alilifikia gari, akaupiga ubavu wake kwa kiganja: du, du, du. Ubavu wa gari nao hakuwa ameuahidi chochote. Dereva akasimama.

"Panda, dada," fundi alisema akihema. "Na kesho urudi na mkate."

Kesho yake asubuhi msimamizi mpya wa zamu alirudi na mikate miwili ya moto kifuani. Alipitia kwanza chini ya ngazi kutoa shukrani. Bwana Funguo alivuta mtoto wa meza, akampa karatasi iliyochoka kwa kukunjwa. Ilikuwa barua ya wapangaji kumlalamikia yeye Mama Mikate, na kelele zake za saa kumi jioni. Ilikuwa na saini tatu.

"Ina miezi miwili hapa," alisema Bwana Funguo. "Ya nne walimwomba fundi, akakataa. Alisema mwanamke huyu anatukandia mkate sisi tukiwa tumelala, hatuwezi kumtoa kwa kosa la kulala. Akasema mwacheni, kumwamsha nitamwamsha mimi."

Mama Mikate aliisoma barua mara mbili. Jana, hapa hapa, alikuwa tayari kuzisaka saini nne za kumtoa mtu aliyekataa kutoa moja ya kumtoa yeye. Alipanda ghorofa ya tatu polepole, akapita mlango wake bila kuutazama.

Fundi alikuwa anapachika mkono wa shati. Mama Mikate aliweka mkate mmoja mezani, akabaki amesimama.

"Nimekuja kusikiliza ile sababu," alisema.

"Imeshapoa."

"Ipashe, kaka yangu. Nitangoja."

Fundi alicheka, akamsogezea kiti, na mkate ukaliwa mpaka nusu wakiwa wanazungumza. Mama Mikate aliomba radhi bila kuzungukazunguka, kwa maneno machache yaliyomgharimu. Kisha akasema saa ile anaitupa.

"Usiitupe," alisema fundi. "Ilete hapa mezani kwangu, bila beseni. Mimi nimeamka saa hizo, italia mara moja nitaizima. Halafu nitagonga."

Ikawa hivyo. Mkate wa pili alipewa mwalimu, agawane na mama kijana. Vijiko vitano vilirudi jikoni, na magunia mawili ya unga yalikunjwa yakawekwa chini ya miguu ya cherehani, mlio wake ukawa mdogo kama mtu anayenong'ona; madirishani kwa Mama Mikate fundi alitundika mapazia mazito aliyoyashona kwa mabaki ya nguo. Kila siku saa kumi pasi hugonga mara tatu, na kutoka chini mpini wa ufagio hujibu mara mbili, maana yake nimeamka, asante. Siku hizi Mama Mikate humaliza chai yake yote akiwa amekaa. Mtoto wa ghorofa ya kwanza ameacha kusema krrrr. Sasa anasema du, du, du, na mwalimu amemhakikishia mama yake kwamba hayo ni maendeleo.

Na kule kiwandani, kijana wa zamu akija kumlalamikia mwenzake kwamba anapiga kelele, anachelewesha, anaharibu, msimamizi humsikiliza mpaka neno la mwisho, kwa maana amejifunza kusikiliza mpaka mwisho. Kisha huifuta mikono unga, akamwambia, "Nimekusikia, mwanangu. Sasa kabla sijamwita mwenzako, hebu geuka kidogo utazame nyuma yako," kwa kuwa yeye amekwisha kugeuka, akaona, akakubali kwamba nyani haoni kundule.