Uso wa Mpingo

Sogeeni, ngano imefika.

"Ikae tuisikie!"

Mchongaji Nandonde alifiwa na mkewe, Somoe. Akakata mpingo ili achonge uso wa marehemu. Mti ukamwambia, "Nikaushe kivulini, taratibu. Nikishakauka, uso utasema nawe."

Akachonga, akauweka kivulini. Asubuhi akauliza, "Umekauka?"

"Bado."

Jioni akauliza, "Umekauka?"

"Bado."

Kesho yake akauliza tena.

"Bado, Nandonde."

Uvumilivu ukamwishia, akauanika juani. Kufika adhuhuri, midomo ya Somoe ikafunguka.

"Mume wangu, hata nilipokuwa hai hukuwahi kuningoja nimalize ku..."

Paa! Uso ukapasuka kutoka utosini hadi kidevuni.

Nandonde akauinua, akautegea sikio, akangoja. Uso haukusema tena.

Ngano yangu naiacha hapo kivulini.