Mafiga Uani kwa Sultani

Hapo zamani, juu ya mlima mmoja wenye ukungu mkaidi, palikuwa na mji uitwao Kileleni. Mji wenyewe, niwaambie ukweli, ulikuwa kama kiganja: msikiti, soko, nyumba chache zilizobanana, na jumba la Sultani Mavoa lenye ua mpana kuliko soko. Vijiji ndivyo vilivyokuwa vingi, vimetawanyika mabondeni, na huko ndiko yalikotoka mahindi, kuni, hata maji ya kuoga Sultani.

Basi Sultani huyo alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni majivuno. Alimpelekea salamu Sultani wa nyikani kwamba mji wake umejaa watu hata hapana pa kutema mate. Yule akajibu, "Naja kutazama." Lo! Sultani Mavoa akahaha, akapiga mbiu: "Kesho asubuhi kila mtu wa bondeni ahamie mjini, yeye na mafiga yake. Atakayeonekana bondeni, nyumba yake itatiwa moto!"

Nayo yalikuwa majira ya mahindi kukomaa, na nyani wa msitu ule hawana haya. Shamba likiachwa mchana mmoja bila mtu wa kuwinga, jioni hukuti ila mabua.

Huko bondeni aliishi Shekiondo, hohehahe ambaye mali yake yote ilikuwa shuka moja, mama mzee, na kishamba cha mahindi. Watu walimwita mpumbavu, kwa kuwa alitenda kila aambiwalo neno kwa neno. Mama yake akalia, "Mwanangu, nyani wakila yale mahindi, sisi tutakula nini mpaka mwakani?"

"Usilie, mama. Tumeambiwa twende na mafiga, basi twende nayo. Jembe nalo usilisahau."

Katika nchi ile ilikuwa desturi: ahamaye hubeba mafiga yake, na moto wa kwanza huomba kwa jirani. Na jirani akishautoa, ole wake, huwalisha wahamiaji hao mpaka wavune chao. Kwa hiyo watu walifikiri sana kabla ya kumpa mtu kaa. Ila Sultani hakupata kuombwa moto tangu azaliwe, maana nani angethubutu?

Ikawa asubuhi, Sultani ameketi barazani na mgeni wake, watu wakapanda mlima kama siafu. Mjini hapakuwa na nafasi. Shekiondo akawaongoza hadi uani kwa Sultani, wakapanga mafiga kila mahali, hata chini ya mikomamanga. Kisha akapiga goti. "Bwana wetu, tumehamia kama ulivyoamuru. Twaomba moto."

Sultani akamtazama mgeni kwa jicho la pembe, akavimba kichwa. Waziri akamvuta kanzu. Sultani akaupiga ule mkono, akaagiza makaa, akayagawa yeye mwenyewe. Moshi ukatanda, mgeni akakohoa na kustaajabu.

Haukupita muda, Shekiondo akarudi na chungu kitupu. "Bwana, moto umewaka. Tupike nini?"

"Nitajuaje mimi?"

"Umetupa moto, bwana. Chakula chetu ni juu yako mpaka tuvune."

Waziri akainamisha kichwa. Mgeni akasema, "Desturi hiyo hata kwetu nyikani ipo." Basi ikawa hapana budi. Pilau ya mgeni, mbuzi, tende, vyote vikateremka uani vikatoweka, na vyungu vikarudi mlangoni vikiwa vitupu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!" Sultani akafoka.

"Ya nini kungoja ya tatu, bwana? Majembe tumekuja nayo." Hapo hapo Shekiondo akatia jembe katika mawaridi ya Sultani. "Mashamba yetu tumewaachia nyani. Hapa tutapanda mahindi, na hapo penye kiti chako, maharage."

Mara kutoka bondeni zikasikika sauti: wah! wah! Mama yake Shekiondo akajishika kichwa.

"Rudini kwenu!" Sultani akapiga kelele. "Rudini sasa hivi!"

"Twaogopa, bwana. Umesema atakayeonekana bondeni nyumba yake itatiwa moto."

"Nimeifuta amri! Nendeni!"

"Kumbe watu hawa si wa mjini?" akauliza mgeni.

Sultani akatamani ardhi immeze. Ndipo Shekiondo akasema, "Ni wa mjini, bwana mgeni. Ila kila nyumba ina sebule na jiko. Sebule ni huku juu, jiko ni kule bondeni. Leo bwana wetu amelileta jiko sebuleni, nawe umeuona moshi wake."

Mgeni akaangua kicheko. Sultani akaona haya, kisha kicheko nacho kikamshinda. "Shekiondo, umenivua nguo, ukanifunika tena mwenyewe. Omba utakacho."

"Naomba askari wako, bwana, wale uliowaweka tayari kuchoma nyumba."

"Wa nini?"

"Nyani wameshatutangulia."

Basi wakashuka mbio, Sultani mwenyewe mbele, kanzu kaikunja magotini, akipiga upatu na kupayuka mpaka sauti ikamkauka. Nyani wakakimbilia msituni, mahindi yakapona. Mama yake Shekiondo akafurahi mno, akamchumia Sultani hindi moja bichi.

"Ahsante, mama," akasema Sultani, akihema. "Sasa nipe na moto nilichome."

Mama akarudi nyuma hatua. "Moto, bwana? Huo kaombe kwa jirani."

Hekaya yangu imezimikia hapo. Mwenye kaa na alipulize.