Alhamdulillahi Katika Karakana ya Deraya

Inasimuliwa na waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Khurasani, vita vikiwa vimebisha hodi, Amiri alimweka mtu aitwaye Zuhayri kuwasimamia mafundi wa deraya, yale mavazi ya pete za chuma yanayomkinga askari. Chuma kilikuwa ghali, muda ulikuwa mchache, na fundi aliyeharibu kazi alichapwa viboko.

Zuhayri naye alikuwa na siri iliyomkosesha raha. Chuma alichokinunua mwenyewe kwa bei rahisi kilikatika kama mkate mkavu, na deraya zilizofumwa kwacho zilikwisha kuingia ghalani. "Nikinyamaza," akajiambia, "nani atajua?"

Lakini jambo moja lilimshangaza. Karakana ya mjane mchamungu, Lubaba binti Harithi, ilitumia chuma kidogo kuliko zote, na bado ikatoa deraya nyingi kuliko zote. Tena kila mara walisikika humo wakisema kwa pamoja, "Alhamdulillahi!" Zuhayri akadhani wanashukuru kila deraya inapokamilika. Akaenda kuketi mlangoni ajionee. Shukrani zikasikika tele, wala hakuna deraya hata moja iliyokwisha! Udadisi ukamzidi.

"Mama," akauliza, "mnashukuru nini?"

Kabla hajajibiwa, fundi mmoja akainua mkono. "Jamani, pete hii nimeikaza vibaya."

"Alhamdulillahi!" wakaitikia wote, na pete ikatolewa papo hapo.

Lubaba akatabasamu. "Umeona, bwana? Kwingine wanaogopa kiboko, kosa linafichwa, na baadaye deraya nzima inafumuliwa, chuma na muda vikapotea. Au haifumuliwi, akafa nayo mtoto wa watu. Sisi tunamshukuru Mola aliyempa mwenzetu moyo wa kusema mapema."

Maneno yale yalimchoma Zuhayri. Siku ile ile Amiri alipowakusanya mafundi barazani, Lubaba akiwa miongoni mwao, Zuhayri alisimama.

"Ewe Amiri, Mwenyezi Mungu akuhifadhi, nimekosea. Chuma nilichonunua hakifai, na jeshi linaondoka kesho kutwa likiwa limekivaa."

Amiri akakishika kiboko. Hapo ikasikika sauti ya mwanamke kutoka nyuma, taratibu: "Alhamdulillahi, amesema mapema."

Amiri akamtazama Lubaba, akamtazama Zuhayri, kisha akakiweka kiboko chini.

"Zifumueni deraya hizo zote," akaamuru.

Ndugu zangu, kama jeshi lile lilishinda vita au la, hatukusimuliwa. Ila tujiulize: mtoto wetu akivunja kikombe, kisha akaja mwenyewe kusema, anatukuta tumeshika nini mkononi?